Kuusoma Mteremko: Kutoka Itigi Hadi Miguuni mwa Hanang

Mtu aliyekulia Itigi hana sababu ya kuuogopa mlima, kwa kuwa hana mlima. Nchi yetu imelala. Ukisimama stesheni ukatazama mashariki, unaziona reli mbili zikikaribiana mpaka zinaungana kuelekea Manyoni; ukigeuka magharibi, zinafanya vivyo hivyo kuelekea Tabora. Pembeni ni kichaka, kile kichaka kizito cha Itigi ambacho wataalamu wa mimea husafiri kutoka mbali kuja kukitazama, na ambacho sisi wenyeji tunakijua zaidi kwa miiba yake na kwa asali. Maji ya mvua yakishuka kwetu hayana haraka. Husimama mbugani mpaka ardhi iyanywe au jua liyachukue. Hofu zetu ni za ukame na mahindi kunyaukia shambani, na katika baadhi ya vijiji ni za tembo. Kwamba ardhi yenyewe inaweza kuondoka mahali pake ikashuka na kufukia watu, hilo kwetu lilikuwa habari ya redioni.

Suala la mlima liliingia katika kamati ya msikiti wetu kwa njia ya kheri. Mzee mmoja wa jamaa yetu, mfanyabiashara wa nafaka aliyehamia Itigi tangu ujana wake, alikuja ofisini. (Ofisi ni neno kubwa; ni chumba kidogo kando ya mahali pa kutawadhia, chenye meza moja na kabati la daftari za michango.) Alisema ana kiwanja cha urithi huko kwao, nje kidogo ya mji wa Katesh, wilayani Hanang, na anataka kukiweka wakfu ili ijengwe madrasa. Ndugu zake walioko huko wangesimamia, nasi tungechangia bati, saruji na mishahara ya walimu wawili. Wajumbe walimwombea dua. Kisha mwenyekiti akanigeukia: “Katibu, nenda ukakitazame kiwanja kabla hatujaandika neno.”

Nieleze kwa nini “kabla”. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, wakfu ukishatamkwa kwa namna iliyo sahihi hautenguki. Hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Kiwanja kibaya kilichonunuliwa kinaweza kuuzwa kwa hasara. Kiwanja kibaya kilichowekwa wakfu kinabaki nawe. Tena madrasa si ghala. Watoto hukaa ndani yake asubuhi za Jumamosi na Jumapili, siku ambazo shule zimefungwa. Na siku mlima wa Hanang ulipoporomoka, tarehe 3 Desemba 2023, ilikuwa asubuhi ya Jumapili.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Tulitoka Itigi kwa njia ya Mkiwa, tukashika barabara kuu itokayo Dodoma, tukapita Ikungi, tukaingia Singida na mawe yake makubwa yaliyopandana kama yaliyopangwa na mkono. Kutoka Singida hadi Katesh ni kilomita 65. Katika kipande hicho cha mwisho mlima hujitokeza mbele ya gari, na hapo mtu wa nchi tambarare hunyamaza. Hanang ina urefu wa zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari, imesimama peke yake juu ya uwanda wa Wabarbaig na wafugaji wengine, bila safu ya milima wenziwe kuipunguzia ukubwa. Ni volkano iliyokwisha kuzimika. Hili la kuzimika lina maana katika habari hii, kwa kuwa baada ya maafa wapo walioeneza maneno kwamba mlima umelipuka. Haukulipuka. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua nyingi, ikashindwa kujishikilia, ikageuka tope na kuteremka.

Mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza tangu Agosti kwamba mvua za vuli zingekuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Nino. Mvua zikaja. Ardhi ikashiba, kisha ikashiba kupita kiasi, na Jumapili ile tope, mawe na magogo yakashuka kwa kufuata makorongo hadi katika mji wa Katesh na vijiji jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walifariki, zaidi ya 100 wakajeruhiwa, na kaya zaidi ya 1,000 zikaguswa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari akarejea nyumbani. Waliopoteza makazi walijengewa baadaye nyumba mpya katika eneo la Waret, mbali na njia ya tope. Kwa msafiri anayepita leo mji unaonekana mzima: maduka yamefunguliwa, bodaboda zinagombea abiria, mnada unafanyika. Ni lazima mwenyeji akuonyeshe kwa kidole alama iliyobaki ukutani, juu ya kimo cha dirisha, ndipo uelewe tope lilifika wapi.

Kabla ya kuondoka Itigi nilitafuta maarifa ya kwenda nayo, na nikayapata mahali nisipopatarajia: kwa watu wa theluji. Elimu ya kupima kama mteremko utashika au utaachia imelelewa zaidi na wale wanaoishi chini ya milima myeupe. Mjini Davos, Uswisi, wapo watafiti ambao tangu mwaka 1936 wamekuwa wakiichimba theluji na kuikata vipande ili waijue tabia yake. Nchi za Waislamu nazo zimelipa gharama kubwa katika jambo hili. Tarehe 7 Aprili 2012, huko Gayari kaskazini mwa Pakistan, poromoko la theluji na mawe lilifukia kambi ya jeshi yenye watu 140. Mwezi Februari 2020, katika jimbo la Van nchini Uturuki, theluji ilifukia gari. Waokoaji wakaenda kuwatoa watu, na wakiwa kazini poromoko la pili likawashukia. Waliokufa kwa jumla walizidi 40, na wengi wao walikuwa hao waliokwenda kusaidia. Habari hii ya Van niliisimulia kwa wenyeji wangu wa Katesh, nao wakatikisa vichwa. Kwao pia, walipokuwa wakifukua tope kuwatafuta ndugu zao, macho yalikuwa yakiuibia mlima.

Theluji, ndugu msomaji, haianguki na kuwa kitu kimoja. Kila inaponyesha huweka tabaka lake juu ya lililotangulia, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine juu ya paa lililoinama. Mkeka wa juu unaweza kuwa mzito na imara; lakini kama mmoja wa chini ni laini na hauna mshiko, mizigo yote ya juu yake imesimama kwa kubahatisha. Kwa hiyo mpimaji haridhiki na kutazama juu. Huchimba shimo mpaka chini, huzipapasa tabaka kwa kidole, kisha hukata nguzo ya theluji akaweka sepetu juu yake na kuipiga kwa kiganja: mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mkono, mara 10 kwa nguvu ya kiwiko, mara 10 kwa nguvu ya bega. Nguzo ikikatika mapema, na kipande cha juu kikateleza kwa unyoofu, amejua kwamba mteremko haufai kukanyagwa.

Majira hatari yenye tabia ya pekee ni yale ya kuchipua, baridi inapokwisha na jua linapoanza kuwa na nguvu. Mchana theluji huyeyuka, usiku ikaganda tena, na juu yake hufanyika ukoko mgumu kama ule wa wali uliokaa jikoni. Asubuhi ukoko huo hubeba mtu. Kadiri jua linavyopanda, ukoko hulainika, maji hupenya chini, yakifika kwenye tabaka lisilopitisha hutambaa juu yake na kuondoa mshiko wote. Ndiyo maana wenyeji wa huko huondoka alfajiri na hutaka wawe wameshuka kabla ya adhuhuri. Mguu ukianza kuzama hadi gotini, au vibonge vya theluji vikianza kujiviringisha vyenyewe kutoka juu, wanarudi. Tena huuliza swali ambalo mgeni hangelifikiria: usiku uliopita mbingu ilikuwa wazi au ilikuwa na mawingu? Mawingu huhifadhi joto kama blanketi. Theluji haikugandishwa vizuri, na siku hiyo hata alfajiri si salama.

Msomaji ataniuliza: yote haya yatufae nini sisi ambao theluji yetu iko Kilimanjaro peke yake, tena inaondoka? Ni kweli inaondoka. Kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ule ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Lakini hata huko somo ni lilelile. Wapandaji wa Kilimanjaro huanza safari ya kileleni usiku wa manane, na mojawapo ya faida za saa hizo ni kwamba changarawe za mteremkoni zimegandamana kwa baridi. Jua likitoka huanza kuteleza chini ya mguu. Mwezi Januari 2006, katika njia ya upande wa magharibi inayopita karibu na barafu iitwayo Arrow, mawe yaliporomoka yakawaua Wamarekani watatu. Uchunguzi uliielekea barafu: ilikuwa imeyashika mawe yale kama saruji, na ilipoyeyuka ikayaachia. Njia ikafungwa kwa muda.

Basi theluji ya Uturuki, mawe ya Kilimanjaro na tope la Hanang yanakutana katika hesabu moja. Mteremko una uzito unaouvuta chini na mshiko unaouzuia. Maji huongeza uzito, kwa kuwa udongo uliolowa ni mzito kuliko mkavu, na wakati huohuo hupunguza mshiko, kwa kuwa yakijaa katika vinafasi vya udongo huzisukuma chembe zake ziachane. Kwa hiyo mvua hufanya kazi mara mbili. Na ile mvua ya mwisho, ambayo watu huilaumu, mara nyingi imekuta kazi kubwa imekwisha kufanywa na mvua za wiki zilizopita. Mtu anayepima hatari kwa kuitazama mvua ya leo tu amesoma ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Nilikwenda na chombo kimoja, nacho ni cha sanduku la vifaa vya hesabu vya mwanangu: kile kipimapembe cha plastiki cha nusu duara. Nilifunga uzi katikati ya ukingo wake ulionyooka na kijiwe mwishoni mwa uzi. Ukiutazamisha ukingo huo sambamba na ardhi iliyo bapa, uzi unasimama kwenye 90. Ukiuelekeza juu kwa kufuata mteremko, uzi unasogea. Tofauti kati ya 90 na namba uliyoipata ndiyo nyuzi za mteremko. Wajuzi wa theluji wanasema maporomoko mengi ya tabaka huanzia kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya hapo theluji kwa kawaida hukaa. Juu sana ya hapo humwagika kidogo kidogo bila kurundikana. Udongo nao hupenda kuanzia kwenye miteremko mikali, ingawa mipaka yake hubadilika kwa aina ya udongo na wingi wa maji. Nikiwa barabarani nilielekeza kipimapembe kwenye ubavu wa Hanang, nikasoma nyuzi 30 na zaidi. Watoto wa pale walinizunguka wakacheka, wakadhani napima mlima ili niununue.

Kiwanja chenyewe hakikufika hata nyuzi 5. Ni ardhi nzuri kwa macho, imeinama kidogo kama ubao wa kusomea, ina mwembe mmoja na udongo mweusi. Mtu aliyeshika kipimapembe peke yake angeandika: “panafaa.” Lakini poromoko lina sehemu tatu: linapoanzia, linapopita na linapolala. Linaanzia penye mwinamo mkali. Linapolala ni chini, penye mwinamo mdogo kama huu, na ndipo watu hujenga, kwa sababu ndipo palipo na udongo wenye rutuba na maji ya karibu. Uswisi walilielewa hili kwa machungu, nao leo wana ramani za vijiji zilizotiwa rangi. Penye rangi nyekundu mtu haruhusiwi kujenga nyumba ya kukaa, hata kama babu yake alizaliwa hapo na hata kama kizazi kizima hakijaona theluji ikifika.

Mwenyeji wangu, shemeji yake yule mfadhili, alinichukua tukapanda kufuata korongo lililo juu ya kiwanja. Alikuwa mtu wa maneno machache.

“Shekhe katibu,” alisema, “tazama jiwe hili.”

Lilikuwa jiwe la ukubwa wa ng’ombe, limekaa katikati ya shamba la mahindi.

“Hili lilikuja 2023?”

“Hapana. Hili baba yangu alilikuta hapa.”

Tulisimama tukalitazama. Hakuna mtu aliyelibeba, na mto mdogo wa korongo lile hauwezi kusukuma hata mche wa sabuni wakati wa kiangazi. Jiwe kubwa kwenye ardhi bapa, mbali na mwamba wowote wa asili yake, ni barua iliyoandikwa na poromoko la zamani. Kwenye ukingo wa korongo, mahali maji yalipokata udongo, nikaona barua nyingine: tabaka la udongo laini, chini yake tabaka la mawe yenye pembe kali, makubwa kwa madogo yakiwa yamechanganyika ndani ya tope lililokauka, kisha udongo laini tena, kisha mawe tena. Maji ya mto wa kawaida hupanga mawe kwa ukubwa na kuyafanya duara. Tope zito hubeba kila kitu pamoja na kukitua kilivyo. Nikakumbuka wale watafiti wa Davos na shimo lao la theluji. Korongo lilikuwa limenichimbia shimo bila sepetu, na tabaka za mawe nilizoweza kuzihesabu zilikuwa mbili chini ya lile la 2023.

Kutoka juu kidogo ya hapo, nikigeuka nyuma, umbo zima la ardhi lilijifichua. Korongo linapotoka mlimani ardhi inatanuka kama upepeo uliokunjuliwa, mpini wake ukiwa mdomo wa korongo. Upepeo huo umejengwa na tope za karne nyingi, kila moja ikichagua njia yake: leo kushoto, kesho kulia. Kiwanja chetu kilikuwa karibu na mpini.

Nilimuuliza mwenyeji ishara za siku zile. Akanisimulia kwamba mlima ulinguruma kama lori lililopakia kokoto linaloteremka bila breki. Ishara nyingine nilizitoa mimi kwa yale niliyoyasoma, naye akazilinganisha na anayoyajua. Nyufa mpya ardhini, hasa zenye umbo la mwezi mwandamo juu ya mteremko. Milango ya nyumba ambayo ghafla haifungiki kwa sababu kuta zimesogea. Miti iliyopinda shina karibu na mzizi kisha ikanyooka kwenda juu, dalili kwamba ardhi imekuwa ikitambaa taratibu huku mti ukitafuta kusimama. Chemchemi inayotokea pasipokuwa na chemchemi. Na iliyo mbaya kuliko zote: mto kupungua maji ghafla wakati mvua bado inanyesha, kwa kuwa huenda juu yake pameziba, na kilichoziba kitaachia. Hapo hakuna kurudi ndani kuchukua godoro. Mtu hutoka, na hutoka kwa kukata ubavuni kwenda kwenye mgongo wa ardhi ulioinuka. Hakimbii kufuata korongo kwenda chini, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya tope, nalo lina mbio kumshinda.

Juu ya miti pana neno la kusema, maana kila mkutano wa hadhara humalizika kwa kuambiwa tupande miti. Faida yake ni ya kweli. Mwezi Februari 1970 huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha kwa muda usiofika saa 3 na kusababisha mamia ya maporomoko. Watafiti walipoyahesabu waliona kwamba karibu yote yalianzia mashambani na kwenye majani. Yaliyoanzia penye msitu hayakufika hata 1 kwa 100. Mizizi ilikuwa imeshika. Lakini maporomoko ya Mgeta yalikuwa ya ngozi ya juu ya ardhi. Poromoko likianzia chini zaidi ya mizizi, mti hauzuii kitu, unakuwa sehemu ya mzigo. Tope lililoingia Katesh lilikuwa limejaa magogo. Basi tupande, lakini asijenge mtu mdomoni mwa korongo kwa kuitegemea miche aliyoipanda jana.

Wala si Hanang peke yake. Mwaka 2009 wilayani Same watu zaidi ya 20 walifukiwa. Mwaka 2010 kule Bududa, kwenye mabavu ya mlima Elgon nchini Uganda, kijiji kilifunikwa na mamia ya watu wakapotea. Mwaka 2019 ikawa West Pokot nchini Kenya. Ukiziweka habari hizi pamoja unaona kwamba wengi wa waliokufa walikuwa majumbani mwao. Katika nchi za theluji, sehemu kubwa ya wanaofukiwa wakiwa matembezini wameliamsha poromoko wao wenyewe kwa kupita juu yake. Wangeweza kukaa nyumbani. Sisi maporomoko hutufuata nyumbani, na kwa hiyo kwetu uamuzi wa kuokoa maisha hufanyika mapema sana, siku ya kuchagua mahali pa kupiga msingi.

Baadhi ya wajumbe, niliporudi na taarifa, waliniambia kwamba ajali ni qadar, na kwamba wanazuoni wamemhesabu anayekufa kwa kufukiwa kuwa miongoni mwa mashahidi wa Akhera. Hayo nimeyasoma chuoni, na nayaamini. Marehemu huyo huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa kama maiti wengine, na tunamtarajia malipo hayo kwa Mola wake. Daraja hiyo ni ya aliyefikwa. Haikuwekwa iwe hoja ya kamati inayochagua mahali pa kuwakalisha watoto wa watu 60 kila Jumapili asubuhi.

Mazungumzo magumu yalikuwa na yule mzee mwenyewe. Nilimwendea nyumbani kwake baada ya swala ya Isha, nikamwamkia, nikamweleza habari ya jiwe na ya tabaka za korongo.

“Mwanangu,” alisema baada ya kimya kirefu, “baba yangu alilima pale maisha yake yote. Tope halikumfika.”

“Ni kweli, mzee wangu. Na Mola amrehemu. Lakini lile jiwe alilikuta.”

Akanyamaza tena. Kisha akauliza kama nia yake imeharibika. Nikamjibu kwa yale niliyofundishwa: kwamba wakfu si lazima uwe jengo. Shamba linaweza kuwekwa wakfu, na mazao yake yakagharimia madrasa iliyojengwa mahali pengine. Ardhi ile ni nzuri kwa alizeti na mahindi. Mtu anayelima yumo shambani mchana, macho wazi, na akiona mawingu yamelala mlimani siku ya tatu mfululizo anaweza kuondoka. Watoto wanaosoma ndani ya kuta nne hawana fursa hiyo.

Kamati imepitisha hivyo. Katika muhtasari nimeandika kwamba shamba la Katesh linapokelewa kwa sharti la kulimwa tu, kwamba pasijengwe humo nyumba, choo wala banda la mlinzi wa kulala, na kwamba madrasa itafutiwe kiwanja kwenye mgongo wa ardhi, mbali na upepeo wa korongo lolote, baada ya kuwauliza wazee wa mahali hapo na wataalamu wa jiolojia wa serikali. Tumeongeza ununuzi wa kipimamvua, ambacho mwalimu atakisoma kila asubuhi na kuandika daftarini. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula lingeweza kufanya kazi hiyo, lakini mwenyekiti alisema tusiwe mabahili. Mwalimu atajumlisha mvua ya siku zilizopita, asitazame ya jana peke yake, na atakuwa na ruhusa ya kufunga madrasa bila kutusubiri sisi wa Itigi.

Kiwanja hicho cha pili bado hakijapatikana. Viwili tulivyoonyeshwa vilikuwa vya bei nafuu, na vyote viwili vilikuwa na mawe ya aina ile. Kwa sasa watoto wanasomea kwenye baraza ya nyumba ya yule shemeji, upande wa mji ambao tope halikufika, na anayetaka kuchangia bati atupelekee kwa mweka hazina, naye atazihifadhi.